Mshipa Ulizibuliwa Mombasa, Mimi Nikabaki Kitandani

Mwanangu wa kike alivimwaga vidonge vyangu kwenye sinia akavihesabu kwa kidole, kimoja kimoja, kama apembuaye mchele. Vile vya kuzuia damu kuganda vilipaswa kuwa vimebaki 4. Vilikuwa 23. Hakunigombeza. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Mama, wataka kufa?"

Nikamwambia la. Na ni kweli, kufa sikutaka. Lakini kuishi nako sikuwa na hamu nako, na hali hiyo sikuwa na jina la kuiita. Ilikuwa Aprili 2024, siku chache baada ya Idi, na nguo yangu ya sikukuu ilikuwa bado imekunjwa ndani ya mfuko wake.

Naandika haya kwa wenzangu wenye maradhi ya moyo, wanawake wa Lamu kwanza, na kwa wanaowauguza. Mshipa wangu ulizibuliwa vizuri. Kilichotaka kunimaliza kilikuja baadaye, nikiwa nyumbani kwangu, nimezungukwa na watu wanipendao, na hakuna aliyekitambua kwa sababu kilivaa sura ya mgonjwa anayepumzika.

Mimi ni mpika mahamri. Kwa miaka 19 nimekuwa nikikanda unga baada ya isha, nalala saa tano, naamka saa tisa za usiku kuwasha jiko na kuteleka karai. Wateja wa alfajiri hawangoji. Zile zilizoungua au kukosa umbo nilikuwa nikizila mwenyewe, na chai ya maziwa yenye sukari vijiko vinne. Mchana wali wa nazi, samaki ng'onda wa chumvi, na achari ya ndimu. Sijatia sigara wala miraa kinywani mwangu, kwa hivyo nilijihesabu mtu salama. Presha niliambiwa ninayo tangu mimba ya mtoto wa tatu, na dawa zake nilikuwa nikimeza siku kichwa kikiniuma tu. Leo najua presha haina desturi ya kuuma kichwa. Mtu anaweza kuwa nayo juu sana na asihisi kitu.

Siku yenyewe ilikuwa Januari, kaskazi inavuma. Saa kumi alfajiri taya likaanza kuniuma, kisha katikati ya mabega, kama mtu amenikanyagia hapo goti. Jasho jembamba la baridi likanitoka, na kichefuchefu. Kifua hakikuniuma kama wasimuliavyo watu. Nikasema ni gesi. Nikanywa tangawizi, nikauza mahamri hadi ya mwisho, nikaosha na karai. Hospitali nilifika saa sita mchana. Saa nane nzima nilizipoteza, na kila saa msuli wa moyo uliokosa damu ulikuwa unakufa. Nikiulizwa nijutie kosa moja maishani, ni hilo. Taya, mgongo, mkono, jasho la baridi, pumzi fupi, uchovu wa ghafla usio na sababu: kwa mwanamke moyo huweza kusema kwa lugha hiyo. Usingoje kuuza.

Nilitafunishwa aspirini, nikapimwa umeme wa moyo, na jioni nikawa njiani. Vijana wanne walinibeba juu ya kiti kupitia vichochoro, kwa kuwa mitaa yetu haipitishi gari, nikatiwa kwenye boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha gari la wagonjwa likapita Witu, Garsen na Malindi usiku kucha. Mombasa waliingiza waya kupitia kifundo cha mkono, wakakuta mshipa mmoja umeziba, wakaweka kijibomba cha waya cha kuushikilia wazi. Bima haikufika hata nusu ya gharama. Familia ilichanga zaidi ya shilingi laki nne, na bangili zangu mbili za mahari ziliuzwa. Sizilaumu bangili kuondoka, lakini nilikuja kuzililia sana baadaye, saa ambazo hata sikujua kwamba ninalilia nini.

Kipimo cha picha ya moyo kilionyesha unasukuma asilimia 40 ya damu inayoujaza. Moyo mzima husukuma asilimia 55 na zaidi. Nikapewa aspirini na klopidogreli za kuzuia damu kuganda, atovastatini ya kushusha lehemu, bisoprololi ya kutuliza mapigo, na karatasi ya maagizo: punguza chumvi, punguza mafuta, tembea, rudi kliniki. Karatasi ilieleza vizuri nisile nini. Kuhusu kulia haikuwa na mstari hata mmoja.

Nyumba yetu ni ya zamani, chumba changu kiko juu, na ngazi zake ni kali kama za kupandia mnarani. Nilizipanda siku niliyorudi, taratibu, nikishikwa mikono. Wiki nyingi sikuzishuka. Kila nilipofikiria kushuka niliwaza: je, nikifika ya katikati moyo ukisimama? Kwa hivyo nililala. Watu walikuja makundi kwa makundi na maneno yao yalikuwa mamoja: pumzika, usijisumbue, usiguse kitu. Wifi yangu akalichukua karai, watoto wakafua, mume wangu akaniletea chakula hadi kitandani. Yalikuwa mapenzi ya kweli. Lakini ndani ya mwezi mmoja nilikuwa mtu asiye na kazi hata moja duniani isipokuwa kusikiliza mapigo yake mwenyewe.

Na bado nilikuwa naamka saa tisa za usiku. Mwili una saa yake, haukujua kwamba karai limehama. Naamka, nyumba kimya, punda analia mbali huko Langoni, na sina unga wa kukunja. Hizo ndizo saa mawazo yalipokuwa yakinijia. Kwamba nimewafilisi watoto. Kwamba mume wangu ameanza kulala sebuleni kwa sababu nimeshakuwa kitu kibovu. Kwamba ingekuwa heri mashua ile ya Mokowe ingechelewa.

Ikaja Ramadhani, mwezi wa tatu. Daktari alikataa nifunge, moyo bado mchanga na dawa zina saa zake. Nilijua dini inaruhusu, aya ya mgonjwa katika Suratul Baqara naisoma tangu utotoni. Lakini kujua kwa kichwa na kukaa mchana unakunywa maji wenzako wamefunga ni mambo mawili. Nilikuwa nikila nimejificha, nimeugeukia ukuta, kama mwizi. Shekhe wetu alikuja mwenyewe akanikalisha, akaniambia ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona hutoa fidya, hulisha maskini mmoja kwa kila siku, na kwamba kujiangamiza si ibada. Laiti ningemwita wiki ya kwanza badala ya ya tatu. Mgonjwa mwenzangu, kama kufunga kunakuchanganya, zungumza na daktari na shekhe kabla ya mwezi kuandama. Wapo wagonjwa wa moyo wanaoruhusiwa kufunga kwa kubadilishiwa saa za dawa, na wapo wasioruhusiwa kabisa. Usijiamulie.

Wakati huo kimya changu kilikuwa kimeshapewa tafsiri mtaani. Hasadi, walisema, mahamri yake yalikuwa yakinunuliwa sana. Nikasomewa, nikanywa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Kisomo kilinituliza na bado nakipenda. Tatizo lilikuja alipoletwa mganga mmoja kutoka bara, akasema dawa za hospitali zinamchokoza aliye ndani yangu, niziweke kando hadi amalize kazi yake. Alichukua shilingi 14,000 na beberu. Mimi nikakaa siku 19 bila kumeza klopidogreli, nikiwa na chuma ndani ya mshipa chenye miezi mitatu. Damu ingeweza kugandia pale pale, na kitu kama hicho kikitokea wengi hawafiki Mombasa mara ya pili. Soma, somewa, omba dua usiku na mchana. Dawa usiziache.

Tena kulikuwa na kosa jingine dogo lililokaribia kuwa kubwa. Kwa kukosa usingizi nilimtuma mtoto duka la dawa, akapewa amitriptilini, dawa ya zamani ya huzuni iletayo usingizi, bila swali lolote. Usiku huo moyo ulinienda mbio hadi nikamwamsha kila mtu. Daktari aliponiona aliniambia dawa za kundi lile la zamani huweza kuvuruga mapigo, na haifai mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo kuzimeza kiholela. Ukienda kununua dawa ya usingizi, ya mafua au ya maumivu, sema kwanza, "Mimi ni mgonjwa wa moyo." Maneno matano hayo yaseme hata kwa dawa unayoijua.

Baada ya siku ya sinia, mwanangu alinishusha ngazi. Sikushikwa kwapa, yeye alitangulia chini yangu, akishuka kinyumenyume, ananitazama usoni, ngazi moja, tunasimama, ngazi moja. Moyo haukusimama. Tukaenda kliniki, na huko nikakutana na daktari kijana aliyeweka kalamu chini kabla ya kuniuliza. Maswali mawili tu. Katika wiki mbili zilizopita, mara ngapi umekosa hamu au furaha ya kufanya mambo? Mara ngapi umejisikia mnyonge, umekata tamaa? Miezi mitatu nilikuwa nikiulizwa kuhusu kifua, na hakuna aliyeniuliza hayo. Nililia hadi buibui likalowa.

Akaendelea na mengine hadi yakawa tisa: usingizi, chakula, nguvu, kujilaumu, mawazo ya kifo. Kila swali lina alama kutoka 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 mtu huhitaji kuangaliwa kwa makini. Nilipata 17. Akaniambia jina la ugonjwa wangu, sonona, na kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano waliopatwa na mshtuko wa moyo hupatwa na sonona nzito. Kusononeka nalijua, ni neno letu. Sikujua kwamba ni ugonjwa unaopimwa na kutibiwa, na kwamba huufuata moyo kama kivuli. Nilidhani uchovu wangu ni wa moyo, kukosa usingizi ni kwa dawa, na kukosa hamu ni kwa imani haba. Dalili za magonjwa haya mawili huchanganyika, ndiyo maana ni lazima mtu aulizwe. Wewe usipoulizwa, sema mwenyewe. Na kama mawazo ya kifo yameingia, mwambie mtu siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Mwanangu ni mwalimu, hapendi kuambiwa kitu asikitafute. Siku chache baadaye akanisomea matokeo ya utafiti uliotoka 2008, uliofanywa San Francisco kwa wagonjwa wa moyo 1,017, waliofuatiliwa karibu miaka mitano. Waliokuwa na dalili za sonona walipata misukosuko ya moyo kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa karibu nusu. Lakini watafiti walipoingiza katika hesabu mazoea ya watu, nani atembea na nani hatembei, nani ameza dawa zake, nani avuta sigara, tofauti ile karibu yote iliyeyuka. Kilichobeba uzito mkubwa kuliko vyote kilikuwa kukaa bila kutembea.

Nilimwomba anisomee tena. Alikuwa akinisoma mimi. Huzuni yangu haikuwa imeubana moyo kwa mkono wake. Ilikuwa imenifunga miguu, imenifichia vidonge, imenipa achari kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa bado na ladha kinywani. Ilipitia kwenye mazoea. Na mazoea nayo, yale ya kulala mchana na kukesha usiku, yalikuwa yakiilisha huzuni. Ndiyo maana naumia nikisikia mgonjwa akiambiwa "badilisha mtindo wako wa maisha" kisha akaachwa mlangoni. Mtu aliyesononeka kumwambia atembee ni kama kumwambia aliyezama apige mbizi vizuri. Anahitaji mkono. Na mwenye kumtibu sonona bila kuuliza anakula nini, analala saa ngapi, anatembea na nani, amefanya nusu ya kazi.

Nilianzishiwa sertralini, dawa ya sonona, kwa kiwango cha chini. Ni dawa iliyowahi kujaribiwa kwa watu waliotoka kwenye mshtuko wa moyo na ikaonekana haiudhuru moyo, ila ukiimeza pamoja na aspirini na klopidogreli uangalie kutokwa na damu: fizi, pua, choo cheusi. Wiki mbili za kwanza sikuona kitu ila tumbo kuchafuka. Nilitaka kuiacha. Wiki ya nne nilijikuta nimemcheka mjukuu wangu, nikashtuka kusikia sauti yangu. Mwanangu alikuwa amesoma pia kwamba katika jaribio dogo la 2012, la wagonjwa wa moyo 101 wenye dalili za sonona, mazoezi na sertralini vyote viwili vilipunguza huzuni kuliko vidonge visivyo na dawa. Mimi nilifanya vyote viwili, sikutaka kuchagua.

Kutembea sasa. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ushauri wa kutembea huandikwa kana kwamba kila mtu ana uwanja nyuma ya nyumba. Mwanamke wa makamo wa mtaani kwetu atembee wapi, saa ngapi, na watu waseme nini? Shoga yangu tuliyesoma chuoni pamoja ndiye aliyelitatua. Alikuja baada ya sala ya alfajiri, akasimama chini akaita, "Ndoo, twende tukatizame mai." Yaani njoo, twende tukatazame maji. Hakusema mazoezi. Siku ya kwanza tulifika mlango wa tatu tukarudi. Wiki hiyo yote hatukuvuka kona. Wiki ya tatu tulifika uwanja wa Mkunguni, tukakaa kidogo mbele ya Ngome, wachuuzi wakaniona wakaanza kuniita, "Mama Mahamri, u hai!" Ilinichukua miezi minne kufika Shela na kurudi kwa boti. Kipimo chetu ni hiki alichonifunza daktari: uweze kuzungumza, usiweze kuimba. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Kifua kikibana, simama. Na mtu asiyejua hali ya moyo wake aulize kwanza aanzie wapi.

Baadhi ya siku sikutaka kabisa. Shoga yangu hakubishana nami, alikaa ngazini akaanza kunihadithia harusi za watu hadi nikashuka. Nasema kweli, bila yeye dawa peke yake isingenitoa juu kule.

Chakula kilibadilika polepole, si kwa siku moja. Sukari ya chai ilishuka kutoka vijiko vinne hadi kimoja kwa muda wa miezi mitatu. Kasimile, lile tui zito la kwanza, nimeiacha, napikia tui la pili, tena si kila siku. Ng'onda na achari zimetoka nyumbani. Samaki wetu ni wa kuchoma au wa kuchemsha kwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyomo ndani ya mkate. Mwanzo kila kitu kilikuwa kama karatasi. Ulimi ulizoea baada ya wiki kadhaa.

Kazi nilirudishiwa pia, na hilo wauguzaji walishike. Wifi yangu anaendelea na karai la alfajiri, mimi napika mbaazi. Natia maji jioni, naziteleka asubuhi nikitoka kutembea. Nalala saa nne hadi saa kumi na moja. Siku niliyoshika pesa yangu ya kwanza ya mbaazi nililala bila kuamka saa tisa.

Kuna jambo ambalo wanawake hatuulizi. Mume wangu alihamia sebuleni kwa hofu, si kwa kuchukia. Aliogopa ataniua. Mimi nikadhani nimekwisha thamani. Miezi mitano tulikaa hivyo, watu wawili wanaopendana, kila mmoja analia upande wake wa mlango. Nilipojikaza nikamuuliza daktari, alinijibu kwa utulivu kwamba kwa kawaida mtu anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu wala kuhema sana anaweza kurudi katika maisha ya ndoa. Na ngazi ninazo. Ulizeni, au mwandikieni daktari kwenye karatasi mkiona haya.

Oktoba nilianguka tena. Nilijiona mzima, nikaiacha sertralini ghafla bila kumwambia mtu. Wiki ya kwanza kizunguzungu, ya tatu nikawa siitiki nikiitwa chini. Shoga yangu ndiye aliyegundua, kwa sababu nilianza kumwambia jua kali. Nikarudishwa kwenye dawa, na safari hii itapunguzwa kidogo kidogo na daktari mwenyewe, wakati ukifika.

Januari 2025 klopidogreli ilisimamishwa kwa amri ya daktari, mwaka ulipotimia. Aspirini na zile nyingine ninazo, zimo kwenye kikasha chenye vyumba saba, na mjukuu wangu ndiye hufungua chumba cha siku na kuniletea maji. Maswali tisa nilipoulizwa mara ya mwisho nilipata 6. Moyo unasukuma asilimia 48. Kusi ikianza kuvuma, mawingu yakikaa chini, bado kuna asubuhi ninazoamka nikiwa mzito, na sasa husema mapema, wakati wa chai, wala sioni aibu.

Tumekuwa wanne wa kutembea. Mmoja mumewe ametoka kupasuliwa moyo mwezi jana, na amekuja kuniuliza mbona bwana hazungumzi. Kesho tutapita kwake kwanza, tumgongee bwana huyo, tumwambie atoke atizame mai.